Nafuu na Kupona

Watu wa pwani wamtazamapo mgonjwa huuliza kama hajambo, na jibu lizoeleweka ni kuwa ni ashekali, au kuwa amepata nafuu. Hakuna asikiaye jibu hilo akadhani kuwa ugonjwa umeondoka. Nafuu ni kupungua kwa mateso. Kupona ni kuondoka kwa maradhi yenyewe. Mtu aweza kupata nafuu leo akafa kesho kutwa, na wala hatatokea wa kusema kuwa aliyeleta habari ya nafuu alisema uongo. Lugha imeyatenga mambo haya mawili tangu zamani, kwa sababu waliokesha kando ya vitanda vya wagonjwa waliyaona kuwa ni mawili. Utabibu wa siku hizi, ambao vyombo vyake ni vya ajabu kuliko vyote vilivyotangulia, mara nyingine huyachanganya tena; na mahali pamoja ambapo mchanganyiko huo huonekana waziwazi ni katika matibabu ya utumbo uliozibwa na saratani.

Saratani ya utumbo mpana, pamoja na ile ya puru, ambayo ni sehemu ya mwisho ya utumbo huo, ni maradhi ya watu wengi. Mwaka 2020 ilikadiriwa kuwa watu zaidi ya milioni 1.9 duniani waligunduliwa kuwa nayo, na zaidi ya laki tisa walikufa kwayo. Uvimbe hukua polepole, aghalabu kwa miaka, pasipo kelele. Na kwa baadhi ya wagonjwa, wapatao karibu mmoja katika kila kumi, habari ya kwanza ya ugonjwa ni kuziba. Choo hakipiti, wala upepo haupiti. Tumbo huvimba likawa kama ngoma, kisha hufuata kichefuchefu na kutapika. Hatari kubwa aghalabu haiko pale palipoziba, bali mbali napo. Kati ya utumbo mwembamba na utumbo mpana mna kilango kinachoruhusu vitu kwenda mbele na kuvizuia kurudi nyuma, na kwa watu wengi kilango hicho hukaza barabara. Hapo utumbo mpana huwa chumba kilichofungwa milango yote miwili, nacho huendelea kujaa. Ukuta wake ulio mwembamba zaidi, ule wa mwanzo wake upande wa kulia, hutanuka hata ukapasuka, na uchafu ukamwagika ndani ya tumbo. Mtu aliyefikiwa na hali hiyo hana majuma ya kufikiri; ana saa kadhaa, pengine siku moja au mbili.

Mwaka 1776, katika mji wa Rouen nchini Ufaransa, mpasuaji aitwaye Pillore aliitwa kwa mfanyabiashara wa mvinyo ambaye puru yake ilikuwa imezibwa na uvimbe. Mgonjwa huyo alikuwa amekwisha kunyweshwa zebaki, karibu ratili mbili, kwa tumaini kuwa uzito wake ungeisukuma njia ikafunguka. Zebaki haikutoka. Pillore alishauri jambo ambalo lilikuwa halijazoeleka kabisa katika utabibu wa zama zake: kulitoboa tumbo, kuufungua utumbo, na kuushona kwenye ngozi ili choo kipate pa kutokea. Mgonjwa alikubali. Tundu lilifanya kazi yake, tumbo likanywea, na mtu yule akaishi siku 28. Kisha akafa, si kwa kisu cha mpasuaji, bali kwa utumbo mwembamba ulioharibiwa na zebaki ile.

Kisa hiki hutajwa katika historia za upasuaji kwa ajili ya ushujaa wa Pillore, na ni haki yake. Lakini kina jambo jingine lifaalo kuangaliwa. Pillore hakumponya mtu wake; uvimbe ulibaki pale pale ulipokuwa. Alichompa ni nafuu ya siku 28. Na dawa iliyomwua ilitoka kwa watu waliokuwa na nia njema kabisa, nia ya kuifungua njia bila kutumia kisu. Nia hiyo haikufa pamoja na mfanyabiashara yule. Ilingoja zaidi ya miaka mia mbili hata ikapata chombo bora kuliko zebaki.

Katika muda huo wa kungoja, tundu la tumboni liliokoa watu wasiohesabika. Henri Hartmann, Mfaransa mwingine, alieleza mwaka 1921 operesheni inayoitwa kwa jina lake hata leo: sehemu yenye uvimbe hukatwa ikaondolewa, kipande cha chini hufungwa, na cha juu hutolewa kwenye ngozi ya tumbo. Choo huingia katika mfuko unaobandikwa hapo. Mgonjwa huambiwa kuwa baadaye vipande viwili vitaunganishwa tena, na wengine huunganishwa. Lakini wengi hawafikii siku hiyo, ama kwa uzee, ama kwa udhaifu, ama kwa kuwa saratani imerudi, au kwa kuwa wamechoka kupasuliwa. Mfuko uliokuwa wa miezi huwa wa maisha.

Chombo kilichokuja kushindana na mfuko huo ni stenti. Jina lenyewe lina historia ya kuchekesha kidogo. Charles Stent alikuwa daktari wa meno wa London katika karne ya 19, naye alitengeneza donge laini la kuchukulia umbo la meno. Wakati wa vita kuu ya kwanza mpasuaji wa Kiholanzi, Johannes Esser, alilitumia donge hilo kushikilia ngozi iliyopandikizwa. Na hivyo jina likahama kutoka kwa mtu hata kwenye donge, na kutoka kwenye donge hata kwenye kila kitu kinachokaa ndani ya mwili kikashikilia mahali pasijifunge. Nitinoli, madini ya nikeli na titani ambayo hutumiwa kwa stenti nyingi za siku hizi, yalivumbuliwa katika maabara ya silaha ya jeshi la wanamaji la Marekani. Sifa yake ni kuwa ukiyakunja hukumbuka umbo lake la kwanza na kulirudia. Haikosi kuwa miongoni mwa vitu vyote vilivyotoka katika maabara za silaha hiki ni kimoja cha vile visivyo na wa kuvilaumu.

Stenti ya utumbo ni bomba la nyuzi za madini zilizosukwa kama dema la mvuvi. Huingizwa likiwa limebanwa jembamba, kwa njia ya haja kubwa, kwa msaada wa mpira mrefu wenye taa na kamera na kwa kuongozwa na picha za eksirei. Likifika katikati ya uvimbe huachiwa, nalo hutanuka polepole kwa muda wa siku moja au mbili, likiusukuma uvimbe kando hata njia ikapata upana wa milimita 20 na zaidi. Hapana kidonda tumboni, na aghalabu hapana nusukaputi. Mtu aliyeingia akiwa amevimba huweza kupata choo siku ile ile.

Masaaki Dohmoto alieleza mwaka 1991 matumizi ya chombo hiki kwa wagonjwa wa saratani ya puru ambao hawangeweza kuponywa. Mwaka 1994 Eloy Tejero na wenzake wa Hispania walieleza matumizi ya pili: kuufungua utumbo wa mtu ambaye bado aweza kuponywa, ili apate nguvu, achunguzwe vizuri, kisha apasuliwe kwa utulivu mchana badala ya kupasuliwa kwa haraka usiku. Manufaa ya jambo hilo yaeleweka kwa urahisi, maana upasuaji wa dharura wa utumbo huua watu wengi kuliko ule uliopangwa.

Matumizi haya mawili hufanywa kwa chombo kimoja, kwa mikono ile ile, katika chumba kile kile. Mtu aliyesimama mlangoni hawezi kuyatofautisha. Lakini kwa mizani ya maadili si tendo moja. Kwa yule wa kwanza stenti ndiyo mwisho wa matibabu ya kuziba kwake. Anapewa nafuu, na nafuu ndiyo yote aliyoahidiwa. Kwa yule wa pili nafuu ni njia tu ya kufikia kupona. Matabibu huyaita matumizi ya pili daraja, na jina ni zuri; lakini daraja huwa daraja kwa kuwa lina ng'ambo. Mgonjwa asiye na ng'ambo akiambiwa kuwa amejengewa daraja amedanganywa, hata kama kila neno aliloambiwa kuhusu madini na nyuzi lilikuwa la kweli.

Tofauti hii hubadili hata uzito wa madhara. Stenti yaweza kuhama mahali pake, yaweza kuzibwa upya na uvimbe unaokua kati ya nyuzi zake, na yaweza kuutoboa utumbo. Kutoboka ndiko kubaya zaidi. Kwa asiyeweza kuponywa, kutoboka ni kunyang'anywa siku chache zilizobaki, na hiyo si hasara ndogo. Kwa awezaye kuponywa ni zaidi ya hayo, kwa kuwa chembe za saratani zaweza kumwagika ndani ya tumbo na ugonjwa uliokuwa wa kukatika ukawa wa kuenea. Huyu huhatarisha kupona kwake kwa ajili ya nafuu. Yule hana kupona kwa kuhatarisha.

Majaribio yaliyofanywa yameonyesha kuwa hofu hizi si za vitabuni tu. Huko Uholanzi jaribio la kulinganisha stenti na upasuaji kwa wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa imekwisha kuenea lilisimamishwa baada ya kuandikishwa watu 21 tu, kwa sababu matumbo ya baadhi ya waliowekewa stenti yalitoboka, mengine baada ya muda mrefu. Habari zake zilitangazwa mwaka 2008. Jaribio jingine la huko huko, la watu 98 ambao stenti kwao ilikuwa daraja, lilisimamishwa nalo kabla ya wakati, na matokeo yake ya mwaka 2011 hayakuonyesha kuwa stenti ilishinda upasuaji wa dharura. Kisha likaja jaribio la Uingereza, lililoandikisha watu 245 katika hospitali 39 tangu mwaka 2009 hata 2014. Hilo lilitoa habari tulivu zaidi. Stenti ilifungua njia kwa wagonjwa wapatao 82 katika kila 100 waliojaribiwa. Idadi ya waliokufa katika siku 30 haikutofautiana kwa namna ya kutegemewa, wala idadi ya waliokuwa hai baada ya miaka mitatu. Kilichotofautiana ni mfuko: karibu theluthi mbili ya waliopasuliwa kwa dharura walipewa mfuko, na kwa wale walioanza na stenti waliopewa walikuwa chini ya nusu.

Yamkini msomaji atasema kuwa hesabu zikilingana hivyo hapana swali tena. Kinyume chake ndicho kweli. Mizani ya uhai ikisimama sawa, ndipo mambo mengine yapatapo nafasi ya kupimwa, na mambo hayo hayamo katika elimu ya tabibu. Tabibu ajua ni mara ngapi utumbo hutoboka. Hajui mfuko una uzito gani kwa mvuvi ashindaye majini, au kwa mwanamke aliyeolewa karibuni, au kwa mzee ambaye raha yake yote ya dunia ni safu ya kwanza msikitini. Wala hajui kama mtu fulani huogopa zaidi kufa mwaka huu au kurudiwa na ugonjwa mwaka kesho. Hayo huyajua mgonjwa peke yake, na pengine hata yeye hakuwa ameyajua kabla ya usiku ule.

Hapa pana tahadhari. Si kila hofu ya mgonjwa ni hukumu yake ya kweli. Nyingine ni kosa la habari. Muislamu wa pwani aweza kuukataa mfuko hata kufa, akidhani kuwa umemtoa katika tohara na umemfungia mlango wa sala. Lakini fikihi ya Kishafii, ambayo ndiyo inayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, imemfikiria zamani mtu ambaye najisi humtoka pasipo hiari yake: hujisafisha kadiri awezavyo, hutia udhu kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, akasali, na sala yake ni sala. Tabibu anayeandika tu kuwa mgonjwa amechagua stenti kwa sababu za dini, pasipo kumwita mwenye elimu amfafanulie, amekwepa nusu ya kazi. Mgonjwa akikwisha kuelezwa, na bado akasema kuwa hautaki mfuko kwa haya yake mwenyewe, basi haya hiyo ni yake, na yafaa kuheshimiwa.

Wako wasemao kuwa mazungumzo haya yote ni anasa. Mtu mwenye tumbo lililovimba, anayetapika saa nane za usiku, atakubali chochote kitakachoahidiwa kuondoa maumivu; kumwuliza ni kumwongezea adha, na ridhaa yake ni ya jina tu. Hoja hii ina nguvu, na wanaoitupa kwa maneno ya haki za binadamu pengine hawajawahi kumwona mtu wa namna hiyo. Hata hivyo yathibitisha kidogo kuliko inavyodhaniwa. Maumivu hupunguza nafasi ya kufikiri, hayaimalizi. Mambo ambayo mgonjwa hana budi kuyajua ni machache na husemeka kwa maneno machache: kama uvimbe huu utaweza kuondolewa au hautaweza, kama bomba hili linamngojesha operesheni au linachukua mahali pake, na litakuwaje likitoboa. Mfanyabiashara wa Rouen aliyasikia ya zama zake akiwa katika hali mbaya kama hiyo, akajibu.

Kizuizi kikubwa zaidi si maumivu bali desturi ya kuficha. Desturi hiyo si ya Afrika Mashariki peke yake. Kitabu kimoja katika vitabu vya kale vinavyohusishwa na Hippokrati chamshauri tabibu kumficha mgonjwa mambo mengi anapomhudumia. Mwaka 1961 Donald Oken alitangaza kuwa katika madaktari wa Chicago aliowauliza, wapatao 90 katika kila 100 walipendelea kutomwambia mgonjwa kuwa ana saratani. Mwaka 1979 uchunguzi wa namna hiyo, katika mji mwingine wa Marekani, ulipata 97 katika 100 wanaopendelea kumwambia. Kwa muda wa miaka 18 jambo lililoonekana kuwa huruma liligeuka kuonekana dhuluma. Katika nyumba nyingi za mwambao na za bara badala ya tabibu anayeficha ni jamaa: mtoto mkubwa au mjomba humvuta daktari kando katika ujia wa hospitali, akamsihi kwa adabu, "Daktari, mzee usimwambie, atakata tamaa."

Sasa stenti huipa desturi hii silaha ambayo mfuko haukuipa. Mfuko husema. Mtu hauoni tumboni mwake kila asubuhi akabaki anaamini kuwa hakutokea kitu. Stenti hunyamaza. Mgonjwa hupata choo, tumbo hunywea, hamu ya chakula hurudi, majirani huja kumpa pole wakamkuta ameketi barazani. Kila mtu husema kuwa mzee amepona, na yeye mwenyewe husema hivyo, kwa kuwa mwili wake humshuhudia. Haijapata kutokea nafuu iliyofanana na kupona namna hii. Zamani maumivu yaliyobaki yalikuwa yakisahihisha maneno ya wafichaji. Sasa hata msahihishaji huyo amenyamazishwa.

Dhara lake ni la namna mbili. Yule mwenye daraja, akijiona mzima, aweza kuacha kurudi kwa operesheni. Wataalamu wa Ulaya walipendekeza mwaka 2020 kuwa ingojewe kwa takriban majuma mawili baada ya stenti ya daraja. Mtu aliyeambiwa kuwa amepona atauliza kwa nini apasuliwe, na swali lake ni la akili kabisa. Amesimama katikati ya daraja akiamini kuwa amefika, na chini yake uvimbe unaendelea kukua. Yule asiye na ng'ambo hupoteza kitu kingine. Anazo siku zake chache, na siku hizo ni njema kuliko alizozitarajia, lakini anazitumia kama mtu mwenye miaka mingi. Deni halilipwi, wasia hauandikwi, ndugu waliogombana hawaitwi. Stenti imempa wakati, na waliomzunguka wamemficha kuwa ni wakati.

Huenda jamaa wakajibu kuwa mzee alikufa akiwa na furaha, na furaha si kitu cha kudharauliwa. Ni kweli. Pia wako wagonjwa wasiotaka kujua, nao hawafai kulazimishwa. Mtu ana haki ya kuuliza, na haki hiyo ina ndani yake haki ya kutouliza. Lakini kutouliza ni tendo la mgonjwa mwenyewe. Aliyefungiwa mlango wa swali kwa mapatano yaliyofanyika ujiani hakuchagua lolote, na furaha yake ilipangwa na watu wengine kama mtu apangavyo chakula cha mtoto.

Mwaka 2014 wataalamu wa Ulaya hawakupendekeza stenti iwe daraja kwa desturi; mwaka 2020 waliikubali kuwa mojawapo ya njia, kwa sharti kuwa shauri lifanywe pamoja na mgonjwa. Lakini shauri hilo limeandikiwa mahali ambapo njia zote mbili ziko. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki hayupo mtu aliyefunzwa kuingiza bomba hilo, wala bomba lenyewe halimo stoo, na mgonjwa afikaye usiku amezibwa ana njia moja tu, kisu na mfuko. Je, mpasuaji wa hapo anawiwa kumwambia kuwa katika mji mkuu, safari ya saa kumi, kiko chombo ambacho pengine kingemwepusha na mfuko? Akimwambia humpa majuto yasiyo na dawa, maana utumbo hautangoja saa kumi. Asipomwambia amechukua mahali pa mjomba wa ujiani. Tena hali si moja kwa kila mgonjwa: yuko afikaye njia ikiwa haijaziba kabisa, naye ana siku mbili tatu, na kwake saa kumi za gari ni safari iwezekanayo. Mpasuaji mwaminifu hana budi kujua kwanza ni yupi kati yao aliyelala mbele yake, na kujua huko hutaka mkono juu ya tumbo na picha ya eksirei kabla ya kutaka maneno.